Vidole Vinne vya Mpira

Baba alisoma tairi kwa vidole. Alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto, akaweka kiganja juu ya mpira uliokuwa bado na moto wa safari, akakitembeza taratibu hadi kikakuta tarakimu zilizochomoza ubavuni. Mbili, mbili, tano. Akanyamaza. Akavuka ule mstari wa mshazari. "Tatu, tano," alisema, kisha akapapasa upya, kama mtu aliyehesabu noti na hesabu ikakataa.

"Thelathini na tano?"

"Ndiyo, baba."

"Gari hili hili?"

Ilikuwa Desemba 2018, nyumbani kwetu Idodi, siku mbili kabla ya Krismasi. Watoto wa majirani walishalizunguka gari, wanajitazama kwenye rimu na kucheka sura zao zilivyovutika. Mama alikuwa amenipokea mizigo na kusema limependeza. Nilikuwa nasubiri neno la baba, na baba ndiye pekee pale uani ambaye hakuweza kuziona. Presha ya macho ilishamla jicho lote la kulia. La kushoto lilibakiwa na uwazi mdogo katikati. Mwenyewe alisema ni kama kuangalia dunia kupitia tundu la nati. Gari aliliona kama kivuli. Rimu zangu, nilizozitafuta miezi minne, kwake hazikuwepo. Alilaza vidole vyake kati ya ukingo wa rimu na ardhi, akahesabu.

"Vidole vinne vya mpira," alisema, akajipangusa vumbi magotini. "Haya. Karibu nyumbani, mama. Umekula?"

Baba ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Akiwa na hasira ananiita jina langu lote. Siku ile aliniita mama, nami nikajidanganya kwamba mambo ni shwari.

*

Naomba nieleze hizo namba. Wapo watu wameendesha gari miaka kumi bila kujua ubavuni pa tairi pameandikwa nini, nami kwa kazi ni mhasibu, namba isiyoelezwa huniwasha.

225/35R18. Ile 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 35 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 35 ya ule upana, yaani milimita 79 hivi. R ni radiali, jinsi nyuzi za ndani zilivyolazwa. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Milimita, asilimia na inchi kwenye mstari mmoja. Mwanafunzi angeniletea hesabu za namna hiyo ningemrudishia daftari.

Gari langu lilikuja kutoka Japani na 215/45R17. Ubavu wake ni milimita 97. Chukua rimu, ongeza ubavu wa juu na wa chini, unapata gurudumu zima lenye kipenyo cha milimita 625. Kanuni ya wanaobadilisha rimu ni kwamba ukiongeza inchi za rimu, punguza ubavu, ili kipenyo cha jumla kibaki palepale au kisogee kwa asilimia mbili, tatu, si zaidi. Spidomita inahesabu mizunguko. Haijui kama gurudumu limekua au limepungua. Magurudumu yangu mapya yalikuwa na kipenyo cha milimita 615, pungufu ya asilimia 1.7. Mshale ukisema 50, mimi nilikuwa 49. Kwenye barabara kuu yenye trafiki wa tochi kila kijiji, huo ni uongo wa upande mzuri.

Kwa hiyo kimahesabu sikukosea. Nililinganisha saizi sita kwenye karatasi ya hesabu za kompyuta, nikapaka rangi ya kijani zilizofaa na nyekundu zilizokataa. Nilichosahau kuweka kwenye safu yoyote ni barabara ya kwetu.

*

Gari lenyewe ni Toyota Altezza, RS200, la mwaka 1999. Altezza ilizinduliwa Japani mwaka 1998 na ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka huko; nje ya Japani dunia inaijua kama Lexus IS. RS200 ina injini ya lita mbili, silinda nne, 3S-GE ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza, nguvu za farasi 210, gia sita za mkono. Inavuta kwa magurudumu ya nyuma. Kwetu Tanzania ukisema Altezza watu wanamwona kijana wa kiume, miziki, eksozi inayonguruma usiku wa Jumamosi. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, ninasali Jumapili. Nikishuka kwenye kituo cha mafuta kuna sekunde mbili ambazo vijana wa pampu wanasubiri dereva ashuke.

Kuendesha nilifundishwa na baba, kwenye majaruba yaliyokauka baada ya mavuno ya mpunga. Yeye alianza kama utingo, akaja kuwa dereva wa Landrova 109 iliyobeba watu, mpunga, mbuzi na wagonjwa kati ya vijiji vya kwetu na Iringa mjini, enzi ambazo kukosa Landrova ilikuwa kukosa siku nzima. Tairi zake zilikuwa 7.50-16. Inchi saba na nusu upana, rimu ya inchi 16, hakuna cha asilimia, kwa sababu tairi za zamani zile ubavu wake ulikaribia kulingana na upana: karibu shubiri nzima ya mpira kati ya chuma na jiwe. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu alinikalisha juu ya gunia tupu lililokunjwa ili niuone usukani kwa juu, akanitembeza jarubani hadi nikajua kuachia klachi bila kuizima. Kaka zangu hawakupenda. Mmoja anaogopa magari mpaka leo.

Barabara ya Iringa kwenda Msembe, inayoingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndiyo inayopita kwetu. Wakati ninaousimulia, lami iliisha muda si mrefu baada ya Kalenga. Kuanzia hapo ni changarawe: Kidamali, Mloa, kisha njia panda, mkono mmoja unakwenda moja kwa moja hifadhini na mwingine unaingia Idodi na kuendelea Tungamalenga. Unashuka kutoka baridi ya Iringa hadi joto la mibuyu, na gari linatetemeka njia nzima, maana changarawe imejipanga migongo midogo midogo kama ubao wa kufulia. Ukienda taratibu unahesabu kila mgongo kwa meno yako. Ukienda kasi gari linaelea juu ya migongo, hutetemeki sana, lakini ukikuta korongo la maji huna breki. Dereva yeyote wa kule anachagua ugonjwa wake.

*

Kwa nini basi nilinunua rimu za inchi 18?

Nitasema ukweli, ingawa unanidhalilisha. Miaka mitatu ya chuo nilikuwa nafika Idodi kwa basi la Tungamalenga, nimesimama, nywele nyekundu kwa vumbi, mkononi mfuko wa mikate. Watu wananipokea: kamwene, pole na safari, umekonda. Nilitaka siku moja nifike bila kupewa pole.

Halafu zilikuwa nzuri. Hilo nalo lisemwe, maana watu wakisimulia ujinga wao huwa wanaacha raha iliyokuwemo. Rangi ya shaba iliyofifia, spoku kumi nyembamba, kina cha ukingo kama sahani ya wali. Niliziona Ilala, mitaa ya Shauri Moyo, zimening'inia kwenye kamba juu ya milango ya magari yaliyochinjwa. Nilisimama kwenye jua nikizitazama hadi muuzaji akatoka.

"Dada karibu. Unamnunulia shemeji zawadi?"

"Ni zangu."

Alicheka, kisha akaona nimegeuza rimu moja nasoma nyuma, akaacha kucheka. Nyuma ya rimu ndipo penye habari. 18x8.5: inchi 18 kipenyo, nane na nusu upana. PCD 5x114.3: matundu matano ya nati, yamepangwa kwenye duara la milimita 114.3, sawa na ya Altezza. Hapo nilifurahi mno kiasi kwamba mengine niliyasoma kwa jicho moja. ET35. Hiyo ni ofseti, umbali kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati ya rimu. Rimu zangu za zamani zilikuwa inchi saba kwa ET50. Fanya hesabu: upana umeongezeka milimita 38, nusu ndani, nusu nje, na ofseti imesukuma milimita 15 nyingine nje. Ukingo wa nje unasogea milimita 34 kuelekea madigadi. Ndani unasogea nne tu. Gari likijaa watu, tairi inakula madigadi. Fundi alisema si tabu, tutakunja ukingo wa madigadi kwa ndani. Wakakunja.

Tundu la katikati lilikuwa milimita 73.1, la kiwandani kwao ili rimu moja iingie magari mengi. Habu ya Altezza ni 60.1. Usipojaza ule uwazi, rimu inakaa kwa kutegemea nati peke yake, na ukifika kilomita tisini kwa saa usukani unaanza kutetemeka kama una homa. Vinauzwa vipete vya plastiki vya kujaza. Nikanunua. Unaona jinsi nilivyokuwa mwangalifu?

Milioni moja na laki nne kwa rimu. Hela iliyobaki haikutosha tairi mpya za saizi ile, kwa hiyo nikanunua mtumba, zimepakwa mafuta zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Kwenye ubavu wa kila tairi, mwisho wa herufi za DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zangu zilisema 1411. Wiki ya 14, mwaka 2011. Zilikuwa na zaidi ya miaka saba. Nilisoma. Nilijua maana yake. Nikalipa. Rimu zangu za 17 nikamwachia muuzaji apunguze deni.

Na usinielewe vibaya, safari ya Dar kwenda Iringa ilikuwa safari bora ya maisha yangu. Tairi lenye ubavu mfupi halisiti. Ukigusa usukani gari limeshageuka, hakuna ule mnyumbuko wa mpira kwanza kujikunja ndipo litii. Mikumi nilipita polepole kwa ajili ya wanyama. Kitonga nilipanda saa kumi jioni, malori yamejipanga upande wao, na kila kona ilivyokuja niliishika kama mtu anayesoma kitabu anachokipenda. Kilele cha mlima nilisimama nikashuka kuzitazama tena. Hakuna aliyeniona. Niliridhika hivyo hivyo.

*

Kliniki ya baba ilikuwa Jumatatu ya pili ya Januari 2019, hospitali ya mkoa, Iringa. Presha ya macho haitibiki kwa maana ya kurudisha kilichopotea. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ukishaliwa, umeliwa. Kinachofanyika ni kushusha presha kwa matone ya kila siku na kuipima mara kwa mara, ili kilichobaki kibaki. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Jicho la kushoto la baba lilikuwa 22 mara ya mwisho, na daktari alikuwa ameridhika.

Nilikuwa nimekuja Ijumaa ili nimchukue mwenyewe. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Baba alikaa mbele, mkono wake juu ya dashibodi, umetulia, kama anaisikiliza.

"Tupo wapi?" aliuliza baada ya muda.

Nilishangaa. Baba haulizi tupo wapi. Kwenye basi huwa anawaambia abiria.

"Bado hatujafika Mloa."

"Silisikii gari lako," alisema. "Linagonga tu. Kila kitu ni kugonga."

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia maji. Kuna korongo pale linakatiza barabara, mvua ikinyesha linaondoa udongo na kuacha jiwe la ukingo limesimama. Nililiona likiwa mita tatu mbele. Nilikanyaga breki, nikaachia ili pua ya gari inyanyuke, kama nilivyofundishwa. Gurudumu la mbele kushoto likaingia. Sauti yake haikuwa ya mpira. Ilikuwa ya chuma juu ya jiwe, ikafuatwa na ya nyuma, pa, pa.

La mbele: ubavu umepasuka upana wa kiganja, rimu imeingia ufa kutoka ukingoni hadi kwenye spoku. Nikafunga spea. Baba alinishikia nati mkononi, akinipa moja moja. Kilomita kama sita baadaye gari likaanza kuvuta kushoto. La nyuma nalo lilikuwa limepinda ukingo, upepo unatoka polepole, tairi limekaa juu ya rimu. Spea ya pili sina. Nani ana spea ya pili?

Basi la Tungamalenga lilikuwa limeshatupita tukiwa tunafunga ile ya kwanza. Nililipungia mkono liende, nikiona aibu wasije wakashuka kunisaidia. Magari mawili ya watalii yalipita yamejaa. Tulikaa chini ya mti. Mama alikuwa ametufungia viazi na chai ya chupa. Baba alikula, akanisimulia jinsi mwaka fulani alivyomfikisha mjamzito Iringa na tairi limejazwa nyasi, walipokosa tyubu. Alisimulia kwa furaha kabisa. Saa tano na nusu Fuso la mpunga likatuchukua. Tulifika hospitali saa nane na dakika arobaini. Kliniki ya macho ilikuwa imemaliza. Tukapewa tarehe nyingine, wiki tano mbele.

Matone yaliisha kabla ya tarehe hiyo. Aina moja niliipata duka la dawa. Ya pili sikuipata, nilizunguka Miyomboni hadi Kihesa. Siku ile ya Februari jicho la kushoto lilipimwa 31.

Nilimuuliza daktari korido, baba akiwa amekaa kwenye benchi. Alikuwa kijana, pengine rika langu. Alisema presha inaweza kupanda kwa sababu nyingi, hawezi kusema ni hili au lile, alisema nisijilaumu. Akabadilisha dawa. Uwazi wa baba ulikuwa umepungua. Zamani alikuwa anaona uso wangu wote nikikaa karibu; sasa anaona jicho, au mdomo, achague.

Hajawahi kunilaumu. Ningependa sana anilaumu.

*

Nilitaka kuuza gari. Nilimpigia simu kumwambia, akakaa kimya, nikasikia kuku nyuma yake.

"Gari lina kosa gani?"

"Baba, halifai huko."

"Tairi ndiyo haifai. Ngozi ya mnyama ikiuma humchinji mnyama. Njoo Ipogolo Jumamosi, nitapanda basi."

Akapanda basi peke yake na fimbo yake, akashuka Ipogolo kwenye barabara kuu, akaongozwa na mtoto wa konda hadi gereji ambayo fundi wake alikuwa utingo wake wa zamani. Nilipofika walikuwa wanakunywa chai. Tukakaa watatu juu ya tairi za lori kuchagua saizi, mimi nasoma namba kwenye simu, wao wanabishana.

Saizi ya awali, 215/45R17, fundi aliikataa kwa sababu rimu zake nilishaziuza, na ya mtumba nzuri ni ghali bure kwa faida ya milimita 18 za ubavu. Inchi 15 ndiyo aliyoitaka baba: 195/65R15, ubavu milimita 127, kipenyo 634, spidomita ingesogea kwa asilimia moja na nusu tu. Kwenye karatasi ilikuwa kijani kabisa. Fundi akaleta rimu ya 15 aliyokuwa nayo, akaivalisha mbele, akaizungusha kwa mkono. Krrr. Inagusa kalipa ya breki. Baba alitaka asikilize mwenyewe, akainamisha sikio, wakaizungusha tena. "Imekataa," alisema kwa majonzi, kana kwamba mchumba aliyemtafutia mwanawe amekataliwa.

Tukabaki na 16. 205/55R16: ubavu milimita 113, kipenyo 632, zaidi ya awali kwa asilimia moja. Fundi alikuwa na rimu nne za Mark II, za fedha, zenye mikwaruzo, spoku nene za mzee wa kanisa. Matundu matano kwa 114.3. Tundu la katikati 60.1, zikakaa kwenye habu bila kipete. Ofseti ya kiwandani, hazikutoka nje ya madigadi hata kidogo. Gari likaonekana limekunja mikono. Hakuna atakayejitazama sura kwenye rimu zile.

Tairi nilinunua mpya safari hii, wiki ya 40 ya 2018. Ubavuni paliandikwa 91V. Ile 91 ni mzigo: kilo 615 kwa kila tairi. Zile za 35 zilikuwa 87, kilo 545. Tairi ni debe la hewa, na hewa ndiyo inayobeba gari, mpira unaizuia tu isitoke. Ubavu mfupi ni debe dogo. Baba hakuhitaji kuambiwa hayo. Alilaza vidole kwenye tairi, vikajaa mkono wa kwanza, akaanza wa pili.

"Upepo usijaze kama wa lami," alisema. "Ukiacha lami, punguza kidogo. Na ukipunguza upepo, upunguze na mwendo. Ukirudi lami, jaza."

"Madereva wa siku hizi hawasimami kujaza, mzee," alisema fundi.

"Huyu atasimama."

Zile za shaba tatu nilizouza hazikufika hata laki tano, maana nani ananunua rimu tatu, na moja imenyooshwa kwa nyundo. Ile yenye ufa ipo Idodi mpaka leo. Mama alijaribu kuifanya jiko nikamzuia, aluminiamu si chuma, itamwagika. Kuku wanalala ndani yake.

*

Machi nilimpeleka tena kliniki, na jioni tulirudi. Kalenga tulipita bado kuna mwanga. Lami ilipoisha nilisimama, nikashuka, nikapunguza upepo magurudumu yote manne, nikihesabu sekunde kwa sauti ili anisikie. Nilipoondoka, alirudisha mkono wake juu ya dashibodi.

Migongo ilikuwepo, ubao wa kufulia ule ule. Lakini sasa mpira uliimeza mingine na kuleta mingine, na kila sehemu ya barabara ilikuja na sauti yake. Baba alikuwa ameegemea kiti, macho amefumba, maana hayamsaidii gizani.

"Kidamali," alisema.

Baada ya muda: "Hapa walimwaga kifusi kipya." Baadaye tena: "Mloa hii. Punguza, kuna watoto." Na kweli kulikuwa na watoto, wamebeba madumu. Pengine alikosea, alitaja daraja dogo tukiwa tumeshalipita zamani, nikamwambia, akabisha kwamba wamelihamisha.

Tulipokaribia korongo alikaa sawa.

"Ndipo hapa."

"Ndipo."

"Simama."

Nilisimama kabla ya jiwe, taa zinaliangaza. Alitaka kushuka. Nilizunguka nikamfungulia, akanishika bega, tukatembea hatua chache hadi ukingoni. Alilitafuta jiwe kwa ncha ya fimbo, akachuchumaa, akalipapasa taratibu, upande wa juu, kona yake, kisha akalaza vidole kuanzia chini kupanda, mkono mmoja, na mwingine juu yake. Aliinuka bila kusema ni vingapi, nami sikumuuliza. Nyuma yetu basi la Tungamalenga lilikuwa limefika na linapiga honi tulipishe njia.